Kumbukumbu ya Mradi Wangu: Chai ya Maziwa ya Boga na Viungo, Fort Portal

Mradi huu una lengo moja: kupika nyumbani, kwa sigiri na sufuria za kawaida, kikombe cha chai ya maziwa nzito yenye boga, mdalasini, kungumanga, karafuu na tangawizi, kilichofunikwa kwa povu laini. Kinywaji cha namna hii ni maarufu sana Marekani na Ulaya katika majira ya vuli, miezi ya Septemba hadi Novemba, maboga yanapovunwa na majani ya miti yanapopukutika. Sisi wa Fort Portal tuko karibu kabisa na Ikweta na majani yetu hayana msimu wa kupukutika, lakini miezi hiyo hiyo kwetu ni ya mvua za pili, na katika mwinuko wa mita 1,500 hivi, ukungu unaposhuka kutoka milima ya Rwenzori, jioni huwa na baridi ya kumfanya mtu atafute kitu cha moto. Mahitaji mengi ya kikombe hicho hulimwa au hukamuliwa humu humu Uganda. Nilichoazimia kukitafuta ni utaratibu wa kuviweka vitu hivyo sufuriani, kwa kuwa kila jaribio limenionyesha kwamba ladha hutegemea zaidi zamu ya kila kitu kuingia kuliko wingi wake.

Mwisho wa Septemba: majani ya chai

Nilianza na chai yenyewe. Anayesafiri kutoka Kyenjojo kuja Fort Portal hupita katikati ya mashamba ya chai, na sehemu kubwa ya chai inayosindikwa nchini ni ya CTC, yaani majani hupitishwa katika mashine zenye meno ambazo huyaponda, huyachana na kuyaviringisha mpaka yawe chembechembe ndogo ngumu. Njia hiyo ilibuniwa Assam, India, katika miaka ya 1930. Wapo wapenzi wa chai ya majani mazima wanaoidharau chai ya chembe, na mimi sikubaliani nao hata kidogo linapokuja suala la kinywaji hiki. Protini ya maziwa iitwayo kaseini hushikana na tanini za chai na kupunguza ule ukakasi unaokausha ulimi. Kwa hiyo chai itakayobeba maziwa, boga na viungo lazima iwe na nguvu ya ziada tangu mwanzo, na nguvu hiyo chai yetu inayo. Nilipolinganisha chembe hizo na majani mazima katika sufuria mbili zenye maziwa sawa, sufuria ya majani mazima ilitoa kinywaji kizuri chenye harufu ya maua, lakini boga lilipoingia, chai haikusikika tena mdomoni.

Mwinuko wetu nao una athari. Maji ya hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi, wala si 100, kwa hiyo magome na mbegu ngumu huhitaji muda mrefu kidogo kutoa harufu yake. Tangu nilipoanza kufunika sufuria wakati viungo vinachemka, tofauti imekuwa wazi, kwani mafuta yanayobeba harufu ni mepesi na hupotea pamoja na mvuke.

Oktoba: tangawizi na maziwa

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na sijutii. Kila mpishi wa chai ya maziwa amewahi kuona au kusikia kwamba tangawizi hukata maziwa, na wengi huilaumu tangawizi kuwa ina uchachu au huyalaumu maziwa kuwa yamelala. Sababu kubwa ni nyingine. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kiitwacho zingibaini, ambacho huvunja protini za maziwa na kuyafanya yagande. Wapishi wa Guangdong, kusini mwa China, hutumia tabia hiyo kwa makusudi kutengeneza kitindamlo cha maziwa na tangawizi.

Nilitaka kuliona jambo hilo kwa macho yangu. Nilikamua maji ya tangawizi mbichi ndani ya kikombe, nikamimina juu yake maziwa yenye joto la nyuzi 65 hivi kwa kipimajoto, kisha nikayaacha bila kuyakoroga. Baada ya dakika chache maziwa yalikuwa yameshikana. Nilipoyagusa kwa ncha ya kijiko, uso wake ulitikisika wote kwa pamoja, halafu ukapasuka, na maji ya manjano mepesi yakajitokeza pembeni mwa ufa. Kisha nikachukua tangawizi ile ile, nikaichemsha kwenye maji kwa dakika kumi, ndipo nikaongeza maziwa: hayakukatika hata yalipochemka mara ya pili. Joto kali huua nguvu ya kimeng'enya hicho. Kanuni ya kwanza ya mradi ikapatikana hapo: tangawizi huingia kwenye maji, huchemka vya kutosha, na maziwa hufuata nyuma yake.

Tangawizi kavu ya unga ni jambo jingine, na nadhani inastahili kuheshimiwa kama kiungo kinachojitegemea. Tangawizi inapokaushwa, sehemu ya kemikali yake ya ukali iitwayo jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ndiyo maana unga huchoma kooni wakati tangawizi mbichi huchangamsha pua na kuacha harufu inayokaribia ya limau. Kwa jioni za mvua ninatumia zote mbili, mbichi kwa wingi na kavu kwa ncha ya kijiko.

Viungo vya Mpanga

Viungo vingine ninanunua katika soko la Mpanga, kwa mama mmoja ninayemsalimu kwa empaako yake, yaani jina lake la heshima, Abwoli, kwani miongoni mwa Batooro, wenyeji wa hapa, kumwita mtu kwa empaako ni heshima na upendo kwa pamoja; yangu ni Akiiki. Nilipomwomba kungumanga ya unga, aliirudisha pakiti mahali pake akaniwekea punje mbili nzima mkononi.

"Akiiki mwanangu, hii ya unga imekaa. Chukua nzima, uikwangue mwenyewe siku unayoitaka."

"Nashukuru, Abwoli. Na mdalasini?"

"Mdalasini vunja, usisage. Ukisaga, chai itakuwa na matope."

Alikuwa sahihi katika yote mawili. Kungumanga iliyosagwa zamani hubaki na uchungu bila harufu, na unga wa mdalasini hauchujiki. Huvimba katika maji ya moto na kuacha utelezi chini ya kikombe. Mdalasini alioniuzia ni ule wa magome manene magumu yaliyojikunja mara moja, tofauti na ule wa Sri Lanka wenye matabaka membamba mengi unaovunjika kwa vidole. Huo mnene una ladha nzito na tamu inayofaa kinywaji hiki, ila una kumarini nyingi zaidi, kemikali inayoweza kudhuru ini la mtu anayeitumia kwa wingi kila siku, kwa hiyo kijiti kimoja kifupi kwa sufuria kinatosha. Karafuu ninaihesabu punje kwa punje: tatu kwa vikombe viwili hutoa joto zuri, na zikizidi ulimi huanza kufa ganzi kwa sababu ya yujenoli iliyomo. Iliki si sehemu ya mapishi ya Marekani, lakini kwangu mimi chai ya maziwa isiyo na iliki haijakamilika, nami nimeiweka bila kusita.

Katikati ya Oktoba: boga

Late ya boga, yaani kahawa ya maziwa yenye viungo, iliyoenea duniani ilianza kuuzwa na kampuni ya Marekani ya Starbucks mwaka 2003, na kwa miaka mingi haikuwa na boga ndani yake. Boga halisi liliongezwa katika sharubati yao mwaka 2015. Harufu ambayo watu huiita ya boga ni ya viungo vinavyotiwa katika pai ya boga. Mimi nilitaka boga lenyewe liwemo na lisikike.

Boga linalofaa ni lililokomaa kabisa, ambalo kucha haiachi alama kwenye ganda, na ambalo nyama yake ni kavu na ya rangi ya machungwa iliyokolea. Boga changa lina maji mengi na ladha inayokaribia tango. Ninalikata vipande pamoja na ganda lake, ninavifunga katika jani la mgomba na kuvipika kwa mvuke kama tunavyopika siku zote, kisha ninakwangua nyama na kuipitisha katika chujio la nyavu ndogo ili nyuzi zibaki juu.

Ukilitia hivyo hivyo kwenye chai, utapata uzito bila ladha. Kilicholeta mabadiliko ni kulikaanga. Ninayeyusha kijiko kidogo cha samli kwenye sufuria nzito, ninatia boga lililochujwa na kulikoroga kwa moto mdogo mpaka maji yakauke na mwiko uache njia nyuma yake. Halafu ninaongeza sukari guru iliyokwanguliwa, ile ya kahawia inayopikwa na viwanda vidogo vya Busoga, na chumvi kidogo sana. Baada ya muda rangi hubadilika kutoka machungwa hadi kahawia nyekundu, na harufu ya sukari inayoungua kidogo huinuka pamoja na ya boga. Hapo ninakwangua kungumanga juu yake na kuepua. Mafuta ya samli huishika harufu ya kungumanga vizuri kuliko maji.

Kwa nini sukari guru iingie kwenye boga na isiingie kwenye maziwa? Kwa sababu ina tindikali kidogo, na ikichemka moja kwa moja na maziwa inaweza kuyakata. Katika boga inakuwa salama, mradi boga hilo liingie sufuria ikiwa imekwisha kuepuliwa.

Povu

Maziwa ninayotumia ni yale yanayouzwa kwa lita kutoka kwenye tangi la kupozea maziwa, ambayo lazima yachemshwe kwanza kwa ajili ya usalama. Baada ya kuchemka ninayaacha yapoe, ninaondoa utando wa juu, kisha ninayapasha tena hadi nyuzi 60 au 65. Katika joto hilo protini huweza kuzizunguka na kuzishika chembe za hewa, na utamu wa maziwa husikika zaidi. Yakipita nyuzi 70, povu huwa kubwa na legevu na harufu ya maziwa yaliyopikwa sana hutawala. Sihitaji mashine. Ninajaza robo tu ya jagi refu na kuyapiga kwa kifaa cha waya cha kupigia mayai, nikikizungusha kati ya viganja viwili, mpaka yaongezeke karibu maradufu, kisha ninaligonga jagi mezani ili mapovu makubwa yapasuke. Maziwa yasiyo na mafuta hutoa povu refu zaidi, lakini ni kavu mdomoni, nami nimechagua yale yenye mafuta yake yote.

Utaratibu ninaoufuata sasa

Kwa vikombe viwili vikubwa, ninatia maji baridi mililita 300 katika sufuria pamoja na tangawizi mbichi iliyopondwa ya ukubwa wa dole gumba, kijiti kifupi cha mdalasini kilichovunjwa, karafuu tatu na iliki nne zilizopasuliwa. Ninafunika na kuchemsha kwa moto wa wastani dakika kumi. Ninaongeza vijiko viwili vya chai vya chembe za CTC, vilivyojaa, na baada ya dakika tatu ninamimina maziwa mililita 250 yaliyokwisha kuchemshwa, ninayaacha yapande mara moja, kisha ninaepua. Ninachuja kwenye sufuria nyingine yenye vijiko vitatu vya mezani vya boga lililokaangwa, na kuvichanganya kwa kumimina kutoka sufuria hadi jagi na kurudisha, kutoka juu kadiri mkono unavyofika, hadi boga lisionekane likituama chini. Povu huwekwa mwisho, na juu yake kungumanga kidogo.

Boga lililokaangwa hukaa vizuri kwenye friji siku tatu au nne katika chupa yenye kifuniko, jambo linaloifanya kazi ya jioni kuwa fupi.

Novemba: vanila

Kinachoendelea sasa ni vanila. Bundibugyo, ng'ambo ya milima, ni mojawapo ya wilaya zinazoilima, na kwa kuwa tuna misimu miwili ya mvua, Uganda huvuna vanila mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwaka na tena kati ya Desemba na Januari. Nimepata maganda machache yaliyokaushwa ya mavuno yaliyopita, meusi, yenye mafuta na yanayokunjika bila kuvunjika. Nimeyapasua kwa urefu na kuyalowesha katika waragi ya asilimia 40, kwani harufu ya vanila huyeyuka katika pombe vizuri kuliko katika maji. Chupa iko kabatini, mbali na mwanga, nami huitikisa kila ninapopita. Rangi imeanza kuwa ya kahawia, lakini harufu ya pombe bado iko mbele ya vanila. Itakapokuwa tayari, nitaijaribu kwa matone machache ndani ya boga kabla ya kuliepua ili pombe iruke kwa joto, na kwa upande mwingine ndani ya maziwa ya povu, nilinganishe vikombe hivyo viwili ndipo niandike hatua inayofuata.