Nyota Yangu ni Kausi, Lakini Bastola Haina Habari

Mwaka huu nilipata likizo ya majuma matatu nikarudi Lamu, na jioni ya pili tu, tulipokuwa tumekaa barazani kwetu Langoni baada ya swala ya alasiri, ami yangu aliniuliza swali ambalo bila shaka lilikuwa limemkaa kooni tangu niliposhuka kwenye boti ya Mokowe. Alikuwa ameiona kwenye simu ya binamu yangu picha yangu nimenyoosha mkono, nimeshika bastola. "Mwanangu," alisema, huku akijimiminia kahawa, "wewe ulikwenda Ujerumani kuuguza wazee au kupigana?"

Swali hilo halikuwa la mzaha mtupu. Kwetu bastola si chombo cha mchezo. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014 na ile amri ya kutotoka nje usiku iliyotufungia majumbani miezi na miezi, mtu wa Lamu akiona silaha huwaza askari au huwaza balaa, hana wazo la tatu. Mama hata jina lake hakutaka kulitamka, siku zote tatu za mwanzo aliiita "hicho kitu chako."

Nilimweleza ami kwamba hicho kitu changu kinatumia hewa iliyoshindiliwa, wala hakina baruti. Kinarusha kipande cha risasi chenye kipenyo cha milimita 4.5, na hapa nasema risasi kwa maana yake ya asili, yaani yale madini laini ambayo wavuvi wetu hufungia nyavu. Ujerumani bastola ya hewa ambayo nguvu yake haizidi jouli 7.5, na yenye alama ya herufi F ndani ya pembe tano, mtu aliyetimiza miaka 18 anaweza kuinunua bila leseni, ingawa hana ruhusa ya kutembea nayo ovyo njiani. Shabaha huwekwa umbali wa mita 10. Duara la kumi, ambalo ndilo linalotafutwa, lina upana wa milimita 11.5, kwa hiyo nilimwonyesha ami kifungo cha shati lake nikamwambia: hicho hapo, kiweke kule mlangoni kwa jirani, kisha ukipige kwa mkono mmoja mara 60 ndani ya dakika 75.

Alikitazama kifungo, akautazama mlango wa jirani, kisha akaniuliza ni watu wa namna gani wanaoweza jambo hilo. Hapo ndipo mazungumzo yalipoingia katika mambo ambayo mimi mwenyewe nimekuwa nikiyawaza kwa miaka miwili.

Klabu yetu iko katika mji mdogo wa kaskazini, kwenye ukumbi mrefu wa chini ya ardhi unaonuka mafuta ya kusafishia na kahawa iliyochacha. Nilipelekwa na mfanyakazi mwenzangu wa zamu ya usiku, wakati Kijerumani changu kilikuwa bado kinachechemea, na kilichonivutia kwanza si bastola, bali kwamba kwa saa moja na robo hakuna mtu anayetarajia useme neno. Yeyote aliyewahi kuishi ugenini, akashinda kutwa anatafuta maneno ya kumweleza mzee wa watu kwamba dawa yake ya shinikizo la damu imebadilishwa, ataelewa starehe ya ukimya wa aina hiyo.

Miongoni mwa wanachama yuko mama mmoja ambaye kazini kwake anashughulika na kuajiri watu, naye ana imani kubwa na aina za haiba. Anasema binadamu wamegawanyika katika aina 16, kila aina ina herufi nne, na kwamba mpiga shabaha hodari ni yule aliyeelekea ndani, asiyependa makundi, anayepanga mambo mapema. Mpango huo uliasisiwa na mama na binti yake wa Kimarekani, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, waliojengea juu ya nadharia aliyoitoa daktari wa Uswisi, Carl Jung, mwaka 1921. Yule mama wa klabu alitugawia sote maswali tuyajibu. Mimi nilitoka mtu wa ndani, tena mpangaji, na nikafurahi kama mtoto aliyesifiwa chuoni.

Ami alipolisikia hilo alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Hao wamekupigia nyota tu!" Akaita ndani: "Mamake, nyota ya huyu ilikuwa ipi?" Na sauti ya mama ikajibu kutoka uani bila kusita: "Kausi!" Nilipozaliwa, mwalimu mmoja alizijumlisha hesabu za abjadi za jina langu na jina la mama, alifu ikiwa moja, be mbili, jimu tatu, akagawanya kwa 12, na salio likaangukia Kausi, nyota ya moto. Kausi ni upinde. Kwa ami shauri lilikuwa limekwisha: mtu wa upinde ameshika bastola, kuna ajabu gani?

Tofauti kati ya herufi nne na nyota ni kwamba herufi hutokana na majibu yako mwenyewe, ilhali nyota hutokana na jina ulilopewa hujajua kusema. Lakini ladha yake ni ile ile, na kwetu pwani ladha hiyo ni kongwe. Tulikuwa na mizaji, yaani vile vimiminika vinne vya mwili vilivyodhaniwa kumpa mtu tabia yake: damu, balghamu au kohozi, safura au nyongo ya manjano, na sauda au nyongo nyeusi, mambo ambayo tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaandika kwa kirefu, naye aliyapokea kwa Wayunani. Hadi leo utamsikia mtu akisema huyu ana tabia ya moto, asile embe nyingi. Wataalamu wengi wa saikolojia hawauridhii mgawanyo wa aina 16, kwa sababu watu wengi wako katikati, si huku wala kule, na mtu akirudia maswali baada ya muda mfupi anaweza kupata herufi nyingine. Mimi niliyarudia baada ya miezi mitano, baada ya juma zima la kucheka na wageni wa harusi ya rafiki, nikatoka mtu wa nje. Bastola ilikuwa ile ile na alama zangu zilikuwa zile zile.

Hata mabingwa hawatii nadharia hiyo. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 ulimwengu mzima ulizitazama picha za Yusuf Dikeç wa Uturuki, mkono mmoja mfukoni na miwani ya kawaida usoni, aliyepata medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan, na za Kim Yeji wa Korea Kusini, ambaye watu walisema ana damu ya barafu. Huyo mwenye damu ya barafu alipata fedha katika mita 10, lakini katika mita 25 alichelewa risasi moja, ikahesabiwa sifuri, akakosa fainali. Na kama utulivu ungekuwa ni suala la kuzaliwa nao, wasimamizi wa michezo wasingelazimika kupiga marufuku kwa wapiga shabaha zile dawa zinazopunguza mapigo ya moyo, ambazo mimi huwapa wazee wangu kila asubuhi. Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali mbili mjini Beijing mwaka 2008 kwa sababu hiyo.

Kuna mahali ambapo tabia ya mtu huulizwa kwa uzito zaidi, na hapo hakuna anayetaja herufi. Mwaka 2002, mjini Erfurt, kijana aliyekuwa mwanachama wa klabu ya shabaha aliwaua watu 16 katika shule iliyomfukuza. Sheria ikakazwa, na sasa Mjerumani aliye chini ya miaka 25 anayetaka silaha yake ya kwanza ya kipenyo kikubwa hana budi kuleta cheti cha uchunguzi wa akili, kwa gharama yake mwenyewe. Jambo hili nilimwambia ami kwa sauti ya chini, kwa sababu mama alikuwa bado uani.

Sasa nieleze kinachotokea kwa kweli, kwani haya ya haiba yanamfanya mtu asahau kidole. Unasimama ubavu ukielekea shabaha. Unaunyanyua mkono juu ya duara jeusi, unaushusha taratibu, unatoa pumzi nusu na kuizuia iliyobaki. Jicho halitazami shabaha. Linalitazama jino la kulengea lililo mbele ya bastola likiwa limekaa katikati ya pengo la nyuma, mwanga sawa kulia na kushoto, na lile duara unaliacha libaki ukungu. Mkono unatikisika. Wa kila mtu unatikisika, na anayeanza hupoteza mwaka mzima akingoja uache. Kazi ni kuendelea kukikaza kidole wakati mkono unatikisika, pasipo kuamua "sasa!", maana ukiamua tu, kifundo cha mkono kinaruka na risasi inakwenda chini kushoto.

Katika shindano langu la kwanza nilifanya kosa la aibu zaidi ya hilo: risasi yangu ya 41 niliipiga kwenye karatasi ya jirani. Nilihesabiwa sifuri, na yeye akabaki anazitazama tundu mbili mahali pa moja. Yule mama wa herufi alisema ni kawaida ya watu wa aina yangu, kuzama mawazoni. Mzee anayetufundisha, fundi bomba mstaafu ambaye huzungumza bila kituo mpaka anapoinua bastola, aliniuliza tu nilikuwa nimelala saa ngapi. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Tangu siku hiyo ninaandika kwenye daftari, na daftari linaonyesha kwamba kati ya risasi ya 38 na ya 45 huwa nina haraka, niwe mtu wa ndani au wa nje.

Ami ni fundi wa kuchonga milango, na kwa maneno hana mshindani kuanzia hapa mpaka Matondoni. Kesho yake nilikwenda karakanani kwake. Alikuwa akichonga ua kwenye kizingiti cha juu, akinisimulia kesi ya kiwanja ya mtu fulani, na kila patasi ilipofika kwenye ncha ya jani alinyamaza katikati ya neno, akazuia pumzi, akagonga mara tatu kwa wepesi, akapuliza vumbi, akalimalizia neno pale pale alipoliacha. Nilihesabu mara tisa. Yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Jioni alitaka kujua kidole kinabeba uzito gani kuifyatua bastola. Kanuni inataka usipungue gramu 500, kwa hiyo nilimtuma mpwa wangu jikoni alete pakiti ya sukari ya nusu kilo, nikaifunga uzi, nikamtundikia ami kwenye kidole cha shahada. Nikamwambia akikunje kidole taratibu mpaka pakiti ipande, asijue ni lini itapanda. Alinyamaza. Uzi ulikaza, pakiti ikatetemeka, ikaanza kuinuka kidogo kidogo, na ami macho yamemtoka, mdomo wazi, hapumui, ndipo sauti ya mama ilipotoka jikoni ikiuliza ni nani aliyechukua sukari na chai iko jikoni inachemka.