Siku Moja na Singe Iliyogandia Alani

Saa mbili asubuhi ninafungua karakana ya makumbusho yetu madogo hapa Voi na kuiweka mezani singe ya Kiingereza ya muundo wa 1907, ambayo familia moja ya upande wa Taveta iliihifadhi darini kabla ya kutukabidhi. Singe za aina hii zilifungwa kwenye bunduki za Lee-Enfield za majeshi ya Uingereza na makoloni yake, yale yaliyopigana mlimani Salaita, karibu na Taveta, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tarehe 12 Februari 1916. Kama hii ilikuwapo siku hiyo, yenyewe haisemi. Bapa lake, lenye urefu wa sentimita 43 hivi, limegandia ndani ya ala, na kitufe cha kuifungua kwenye bunduki hakibonyezeki.

Jirani yetu, fundi wa magari, anapita kunisalimu na kupendekeza tuipashe moto kwa gesi. Ninamshukuru na kukataa, kwa kuwa chuma hiki kilitiwa ugumu kiwandani na joto kali lingeuondoa, mbali na kuichoma ngozi ya ala. Hata hivyo, dawa ninayoitumia nimeipata kwake: mafuta ya giaboksi ya otomatiki yaliyochanganywa na asetoni kwa vipimo sawa, mchanganyiko unaopenya pale ambapo grisi haifiki. Unashika moto upesi, kwa hiyo madirisha yote yako wazi.

Saa tatu ninaisimamisha ala mdomo ukiwa juu, kisha ninadondosha matone machache kando ya bapa. Ngozi isilowe, kwa maana mafuta huilegeza na kuitia madoa yasiyotoka. Sehemu ngumu ni hapa mdomoni, ambapo ndani ya kifuniko cha chuma mna springi nyembamba zinazolibana bapa lisichomoke, na kutu imeziunganisha na bapa na kifuniko.

Wakati mafuta yanapenya, ninashughulikia kitufe. Kichwani mwa mpini pana tundu dogo lililoanza kutobolewa mwaka 1916 ili maji na uchafu vitoke. Singe za zamani zaidi zilitobolewa baadaye. Hili limezibwa na vumbi jekundu la kwetu, ambalo ninalitoa kwa kijiti cha mwanzi kabla ya kudondosha mafuta.

Saa sita ninabana kile kifuniko cha chuma kwenye jiriwa, katikati ya vipande viwili vya mbao, kwa sababu anayevuta kwa kushika ngozi huzikata nyuzi zake. Kisha ninaweka kipande cha mti mgumu chini ya kikingio cha mkono na kukigonga kwa nyundo ya mpira, upande huu na upande ule kwa zamu, bila kuizungusha singe hata kidogo. Mtikisiko mdogo unaorudiwa huivunja kutu vizuri kuliko pigo moja kubwa. Baada ya chakula cha mchana, na mafuta zaidi, bapa linasogea upana wa ukucha. Kufikia saa nane limetoka lote.

Sasa ni kazi ya brashi ya shaba na mafuta mepesi tu. Msasa siuruhusu mezani pangu, kwani karibu na mpini pamegongwa taji, herufi GR za Mfalme George, pamoja na mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na wanaong'arisha singe hadi zikawa kama vijiko vya harusi huyafuta hayohayo yanayozitambulisha.

Saa kumi kitufe kinabonyea na kurudi chenyewe. Skrubu moja ya mpini imelegea kwa bisibisi niliyoinoa ilingane na mfuo wake. Ya pili imekataa, nami ninaiacha, kwa kuwa mbao za mpini zimekaza na hakuna kinachonilazimisha kuzifungua.

Kabla ya kufunga ninalipaka bapa nta na kuandika kadi. Singe na ala vitakaa kabatini kila kimoja peke yake, kwa sababu tindikali iliyomo katika ngozi iliyotiwa dawa, ikipata unyevu, hukila chuma upya.