Siku moja maishani mwangu: penseli, mstari na Darasa la Nne

Saa 11:00 alfajiri. Nabandika chai, nafungua andalio la somo. Leo nina ufahamu, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Jana nilipita steshenari hapa Morogoro nikatoa kopi 31 za kifungu nilichokitunga mwenyewe, shilingi 100 kila moja. Wanafunzi wangu ni 62, watasoma wawili wawili. Kitabu cha kiada hakichorwi. Kimeandikwa "Mali ya Serikali", na mwakani kitashikwa na mtoto mwingine.

Saa 1:15 asubuhi. Mstarini. Ukaguzi wa kucha, Wimbo wa Taifa, madarasani.

Saa 2:00. Kifungu kina sentensi saba. Kinasimulia usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, na Luteni Alexander Nyirenda akasimika bendera na Mwenge kwenye kilele cha Kibo, Mlima Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Mwenge wanaujua, wameshasimama barabarani kuupungia mikono.

Zamani nilikuwa nasema tu, "Pigieni mstari mambo muhimu." Nikikusanya karatasi, mistari imeanzia kwenye kichwa cha habari ikaishia nukta ya mwisho. Kwa mtoto kila neno ni muhimu, la sivyo mwalimu angeliandika la nini? Siku hizi natanguliza swali ubaoni: nani alisimika Mwenge, wapi, lini? Tunasoma mara ya kwanza penseli zikiwa mezani. Mara ya pili ndipo wanapiga mstari, tena chini ya neno au mawili, si sentensi nzima.

Nazunguka. Kwenye dawati la dirishani binti mmoja amepigia mstari "baridi kali", ameukoleza mpaka karatasi inataka kutoboka. Mwenzake anamnong'oneza, "Futa, hilo halijaulizwa." Nachuchumaa, namuuliza kwa nini amelichagua.

"Mwalimu, baridi hiyo si ingewarudisha?"

Narudi ubaoni, naandika swali la pili: kwa nini safari ile ilikuwa ngumu? Vichwa vinainama, na muda si mrefu penseli zinakimbilia palepale pa yule binti. Hapa ndipo ninapotaka wafike. Neno lilelile ni la kuachwa kwa swali moja, na ndilo jibu kwa swali jingine. Tunawahi mno kumwambia mtoto "umekosea" kabla hatujamuuliza alikuwa anatafuta nini.

Kisha wanaandika maneno waliyoyachagua daftarini, wanafunika kifungu, wanasimuliana. Huku ndiko mstari unakopimwa. Mvulana mmoja ana "Luteni", "bendera", "kilele", halafu anakwama: lini? Anafunua, anasaka, anapigia mstari 1961. Hakuna aliyemtuma.

Watoto tisa bado wanasoma kwa kuunganisha silabi. Hao kopi zao naziweka kando leo. Nakaa nao mbele na sentensi mbili ubaoni, nawapa chaki ya rangi, kila mmoja azungushie neno linalojibu "nani". Ningewabebesha kifungu kizima leo, wangechora mistari kwa kuiga tu.

Saa 4:00. Uji.

Saa 4:30. Hisabati, na penseli zinarudi kazini. Mama alinunua mayai 24 siku ya Jumamosi, 3 yakavunjika, yamebaki mangapi? Wengi wanaipigia mstari Jumamosi. Nauliza, "Ingekuwa Jumanne, jibu lingebadilika?" Kimya, kisha sauti ya vifutio dawati hadi dawati.

Saa 9:00 alasiri. Nasahihisha kopi zile kwenye ofisi ya walimu. Ya dawati la dirishani naifikia karibu mwisho. Chini ya "baridi kali", kwa mwandiko mdogo uliobanwa pembeni, kuna swali ambalo sikulitunga mimi: "Walivaa nini?"

Kifungu changu hakisemi. Nalinakili kwenye andalio la kesho, swali la kwanza.