Anayeandika muhtasari hawezi kubishana

Kikao kikianza, mkubwa anauliza, "Nani ataandika?" na macho yote yanamgeukia mwanamke aliye karibu na kalamu. Ofisi nyingi za Kampala, Jinja au Busia ndivyo zilivyo. Anayeandika hukimbizana na maneno ya wenzake. Akiinua kichwa ili naye aseme, hoja imeshapita. Uandishi uende kwa zamu, majina yabandikwe ukutani, na mkuu wa idara awemo. (Chai vivyo hivyo. Kila mtu analijua hilo, na bado kikombe kinasubiri dada.)

Wanawake huambiwa, "Jiamini, pandisha sauti." Ushauri huo haufiki mbali. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani, Karpowitz na Mendelberg pamoja na mwenzao, walichapisha matokeo ya vikundi vya watu watano watano. Wanawake walipokuwa wachache na uamuzi ukitolewa kwa kura za wengi, walizungumza kidogo kuliko wanaume. Kikundi kilipotakiwa wote wakubaliane, pengo hilo likatoweka. Hakuna aliyefundishwa kujiamini. Kanuni ya kikao tu ndiyo iliyokuwa tofauti.

Kabla ya kurekebisha, hesabu. Karatasi moja, safu tatu: aliyesema, aliyekatizwa, na hoja imeandikwa kwa jina la nani. Vikao viwili vya nusu saa vinatosha kuona mwelekeo. Kosa la kawaida ni kuhesabu kila "eeh" na "kweli" kuwa kukatiza. Hesabu pale tu msemaji aliponyamaza sentensi haijaisha.

Halafu zamu: dakika 2 kwa kila mtu, kuanzia mdogo kwa cheo, mkubwa awe wa mwisho. Mkubwa akitangulia, kinachofuata ni "nakubaliana na bosi" mpaka mlangoni. Msichana aliyelelewa kupiga magoti akisalimia, kama ilivyo Buganda na Busoga, usitegemee amkatize mzee. Mpe zamu asilazimike kuinyakua. Itamfaa pia kijana wa kiume kutoka Arua, anayebaki kimya kila mzaha unapohamia Kiganda.

Tena kuna Kiswahili chetu chenyewe. Wengi Uganda tumekiokota barabarani, sokoni au kwa askari, kikaja na amri tele na adabu kidogo. "Lete faili" ikitoka kwa mwanamume, kazi inaendelea. Ikitoka kwa mwanamke, ni mkali. Basi anarudi nyuma hadi anaandika hivi:

"Samahani bosi, nilikuwa naonelea labda kama ingewezekana tungeangalia ile invoisi..."

Hapo kuna samahani, nilikuwa, labda, kama ingewezekana, na ile -nge- ya tungeangalia. Vilainishi vitano, na invoisi imekuja mwisho kabisa, bila saa wala sababu. Linganisha:

"Habari za asubuhi, ssebo. Naomba invoisi ya mzigo wa Malaba kabla ya saa sita. Bila hiyo lori linalala mpakani."

Salamu ibaki, pamoja na "ssebo", yaani bwana kwa Kiganda; hapa kwetu asiyesalimu hasikilizwi, awe mume au mke. Neno "naomba" peke yake limetosha kwa heshima. Uzito unabebwa na saa na hasara.

Limebaki la hoja inayoporwa. Mwanamke anasema jambo, kimya. Dakika kumi baadaye mwanamume analirudia, linasifiwa. Mwenyekiti aingilie papo hapo, akimwita "nnyabo", yaani bibi kwa Kiganda: "Hilo nnyabo alilisema mwanzoni. Nnyabo, ulitaka tuanze lini?" Swali ndilo lenye kazi. Wenyeviti wengi huishia kwenye ile sentensi ya kwanza, mwenye hoja akapata sifa, na maelezo yakaendelea kutolewa na yule aliyeirudia.