Nilibadili jina la saluni, Google ikanisahau

Basi bana, saluni yangu ya Sinza ilikuwa na neno "Kinyozi" kwenye jina, mi nikaona ni la kishamba nikaliondoa nikaweka jina la kisasa, BRELA, wale wanaosajili majina ya biashara, nikamaliza, bango jipya likapanda, roho kwatu. Wiki mbili simu kimya. Nikatafuta mwenyewe "kinyozi Sinza" kwenye Google Maps nikaskroli weee mpaka kidole kikachoka, mi sipo.

Kumbe lile neno nililoliona la kishamba ndo lilikuwa linaniletea watu, maana Google ikipanga maduka inaangalia unaendana vipi na kilichotafutwa, uko mbali kiasi gani na anayetafuta, halafu unajulikana kiasi gani. Kujulikana kwangu kote kulikuwa kwenye jina la zamani, Facebook jina la zamani, Insta la zamani, hata ile namba ya Lipa ukutani inasoma la zamani, sasa nani atajua ni saluni ileile?

Ila jambo moja nilifanya sawa: sikufungua profaili mpya ya saluni kwenye Google, nili-edit ileile, wakaniambia nithibitishe upya kwa video nikazunguka na simu nikionyesha bango na mashine za kunyolea huku wateja wanacheka, na maoni yangu yote na nyota zake yakabaki. Rafiki alinishauri niandike "kinyozi bora Sinza" mbele ya jina, nikakataa, Google wanataka jina liwe lile la bangoni tu. Nimeweka kategoria "kinyozi" nikarekebisha kurasa zote. Jana nimeonekana wa nne.