Nyuki wa hapa ni mimi: siku moja kwenye shamba la vanila

Nikiwaambia watu nachavusha maua wanacheka, eti "kumbe unashinda unacheza na maua". Haya, njooni muone juzi ilivyokuwa, hapa kwetu Muleba, Kagera.

Saa 11 na nusu alfajiri naamka, chai ya rangi na kiporo cha ndizi, natoka. Saa 12 na nusu niko shambani na mashine yangu, ambayo ni mwiba wa mchungwa. Basi.

Nawahi kwa sababu ua la vanila linafunguka alfajiri, mchana linafunga, halifunguki tena ng'o. Huko kwao Meksiko kuna nyuki wa kulichavusha, huku hawapo. Unalishika kwa mkono wa kushoto, unachana mdomo wake, ndani kuna kiulimi kinachotenga dume na jike, unakiinua kwa mwiba halafu unabonyeza kwa dole gumba chavua inate. Ukizoea ni sekunde chache tu. Njia hii aliigundua mtoto wa miaka 12, mtumwa, Edmond Albius, kisiwa cha Réunion mwaka 1841. Dunia nzima inakula aiskrimu yenye harufu ya vanila kwa ujanja wake, yeye akafa maskini.

Kishada kimoja kina maua kama 20 ila hayafunguki pamoja, leo moja kesho mawili, kwa hiyo kila rando nalirudia kila asubuhi. Na huchavushi yote, mimi naishia nane tisa, ukizidisha mmea unachoka.

Saa nne kasoro, mkono umeshakolea kasi, ndo akaja huyo kaka dalali. Pikipiki kaacha njiani, raba nyeupe, "bosi yuko wapi", nikamwambia mama kaenda msibani, akasema basi tuyamalize mimi na wewe, anataka yale matunda ya maua ya mwezi wa tatu, cash, leo leo. Nikamwambia kaka hayo yana miezi saba, tunachuma kwenye tisa, akajibu "dada, hata njiti wanaishi". Ni kweli ukiyaangalia ni marefu, yanarefuka ndani ya miezi miwili tu, lakini harufu inakuja mwishoni huku, ukikausha ya miezi saba unapata kamba ya kiatu. Hasikii. Ananifuata mstari kwa mstari anapandisha mia mbili mia mbili, mimi naongea huku nachavusha huku namwangalia anavyokanyaga matandazo, na mizizi ya vanila iko juu juu pale hata jembe hatuingizi, mara akaegemea mbono unaoshikilia mmea, rando likakatika na kishada chake. Akasema pole. Pole! Nilikaa kimya maana ningefungua mdomo ningetukana.

Alivyoondoka jua lishakuwa kali, mstari wa mwisho maua yanasinyaa mbele ya macho yangu. Kama 40 hivi sikuyawahi. Yale 40 yangekuwa matunda ya mwakani.

Mchana sijui saa ngapi, nilikula ndizi na maharage nimesimama maana nikikaa mgongo haunyanyuki. Baadaye kukunja marando yasipande juu ya mbono nisiyafikie, kuongeza majani ya migomba, shingo inauma, vidole vinanata utomvu unaowasha. Halafu nikapita kukagua ya jana: lililonyauka likabaki limeng'ang'ania limeshika, lililodondoka halikushika. Katika mstari wa kwanza yalidondoka matatu tu. Matatu! Huyo anayesema nacheza aje ajaribu.

Jioni mama karudi, nikamweleza. Hakushtuka. Anakumbuka 2003 vanila ilivyokuwa juu, watu wakachuma hata machanga, 2004 bei ikaporomoka, majirani wakang'oa wakarudi kwenye kahawa. Usiku dalali kapiga, kaongeza tena. "Mwambie aje Desemba," mama akasema, akageuka kulala.

Mwiba wangu nimeudondosha wakati nabishana na yule kaka. Alfajiri nianzie kwenye mchungwa wa jirani.