Siku moja maishani mwangu: dakika 12 za Osimhen

Saa 12 asubuhi daladala yetu imekwama kwenye foleni. Vijana wanapita madirishani na maji baridi, nami nimevaa spika za masikioni nikisikiliza matangazo ya mpira kwa Kituruki. Ninaloambulia ni jina moja tu: Osimhen, mshambuliaji wa Nigeria. Huyu naye aliuza maji hivi hivi kwenye foleni za Lagos. Jioni nina dakika 12 za kuisimulia safari yake redioni, na hapo hapo kwenye kiti najua nitakapoanzia.

Saa 2 kikaoni, mhariri anataka nianze na bei. "Dada, Galatasaray wamemnunua kwa euro milioni 75, usajili ghali kuliko wote Uturuki! Nani atabadili stesheni?" Namjibu kwamba bei kila kijiwe kinaijua. Mimi nataka nianze na sifuri.

Kuanzia saa 3 niko mezani, chai imepoa. Mwaka 2015, kule Chile, Osimhen alifunga mabao 10 kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, Nigeria ikawa bingwa. Januari 2017 akaenda Wolfsburg, Ujerumani. Hakufunga hata bao moja. Mwaka 2018 akaenda kufanya majaribio Ubelgiji akiwa ametoka kuugua malaria, na klabu mbili zikamkataa. Sentensi hiyo nimeiandika mara nne, kwa sababu msikilizaji wangu anajua malaria inavyouacha mwili.

Charleroi, klabu nyingine ya Ubelgiji, wakampokea kwa mkopo, naye akaanza kufunga. Msimu huo wa 2018/19, Mbwana Samatta wetu alikuwa kwenye ligi hiyo hiyo akitwaa ubingwa na Genk. Hapo natabasamu peke yangu. Halafu Lille ya Ufaransa, halafu Napoli ya Italia: mabao 26 ya ligi msimu wa 2022/23, Mwafrika wa kwanza kuwa mfungaji bora wa Serie A, ligi kuu ya huko, na ubingwa ambao Napoli waliusubiri miaka 33.

Saa 8 tunarekodi. Fundi mitambo ananikatia dakika mbili. Naitetea malaria, naachia tuzo.

Saa 1 usiku tuko hewani na simu zinamiminika. Baba mmoja wa Temeke anasema mwanawe ana miaka 16, na kuna "wakala" anadai milioni tatu ampeleke Ulaya kwa majaribio. Muda unaisha kabla sijamjibu vizuri, nami roho haitulii.

Saa 3 usiku nampigia mwenyewe. Namweleza kwamba kanuni za FIFA zinazuia mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache, na kwamba hata Osimhen, pamoja na mabao yake yote ya Chile, alihamia Ujerumani baada ya kutimiza 18. Namwomba asitoe hata shilingi kabla hajaenda TFF, shirikisho letu la soka, kuulizia kama mtu huyo ana leseni.

Ananyamaza kidogo. Kisha anasema, "Mwanangu, hebu nirudie hiyo tarehe aliyozaliwa, niiandike."

"Tarehe 29 Desemba, 1998, mzee wangu."

Namsikia akimwita mkewe alete kalamu.